Namna ya Kuifanya Baa ya Mtaani Iwe Baraza: Mambo ya Kuchukua kutoka Pabu za Uingereza

Mtu anayeshuka kwenye daladala kituo cha Sinza saa moja jioni, baada ya kukaa kwenye foleni kwa saa mbili, mara nyingi hana haja ya kulewa. Anachotaka ni nusu saa ya kukaa mahali ambapo si ofisini wala nyumbani, abadilishane maneno mawili matatu na mtu asiyemdai kitu, kisha aende kwake akiwa ametulia. Akiingia peke yake katika baa zetu nyingi atakuta meza za watu wanne wanne, spika zinazomlazimu kupaza sauti ili aagize maji ya kunywa, na mhudumu atakayemuuliza, "Kaka, unasubiri wenzako?" Mhudumu huuliza kwa nia njema, lakini mgeni hapo hapo hutambua kwamba mtu aliyekuja peke yake hakuwekewa nafasi.

Niliishi Sheffield, mji wa Uingereza, kwa miaka miwili nikiwa mwanafunzi, na huko ndiko nilikokuta nyumba iliyomwekea mtu huyo nafasi. Nilifika mwishoni mwa Septemba bila ndugu wala rafiki, na kufikia Novemba jua lilikuwa likizama saa kumi jioni. Kwenye kona ya mtaa niliopanga palikuwa na pabu ndogo, yaani baa ya mtaa ya Kiingereza, nikaingia siku moja kwa kuwa dirisha lake lilikuwa na mwanga wa manjano na nje kulikuwa na giza. Baada ya wiki tatu, mzee aliyezoea kukaa mwisho wa kaunta alijua kwamba mimi ni mtu wa Yanga, nami nilijua jina la mbwa wake na maradhi yaliyokuwa yakimsumbua. Hakuna aliyenialika na hakuna aliyetutambulisha. Tulikutanishwa na jinsi nyumba ile ilivyopangwa.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mwenye baa ndogo katika mitaa ya Dar es Salaam, au anayekusanya mtaji wa kuifungua, ambaye angependa wateja wanaorudi miaka kumi mfululizo kuliko umati wa miezi mitatu unaohama pindi baa mpya inapofunguliwa jirani. Simshauri aige sura ya pabu. Zulia, meko ya kuni na picha za farasi ukutani ni vitu vya nchi ya baridi, na vikiletwa Tabata havitamsaidia mtu yeyote. Ninamshauri achukue mpangilio, kwa kuwa mpangilio wenyewe ukiuchunguza utaona ni ndugu wa kitu ambacho watu wa pwani tunakijua tangu zamani, nacho ni baraza.

Elewa kwanza kwamba pabu ni nyumba

Jina pabu limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya nyumba ya watu wote, na neno la kuzingatia hapo ni nyumba. Mwaka 1830 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyomruhusu mlipa kodi wa kawaida, kwa ada ya gini mbili tu, fedha ya Kiingereza ya zamani, kutengeneza na kuuza bia nyumbani kwake, kwa matumaini kwamba watu wangeacha pombe kali iitwayo jini (gin) na kurudi kwenye bia. Maelfu ya vyumba vya mbele vya nyumba za kawaida vikageuka kuwa sehemu za kunywea. Mwenye nyumba aliendelea kuishi ghorofani na familia yake, na kwa miaka mingi sheria ilitaka jina la mwenye leseni liandikwe juu ya mlango, hivyo kila aliyeingia alijua anaingia kwa nani. Asili hiyo haijafutika, maana pabu ya mtaa hadi leo ina vyumba vyenye ukubwa wa sebule, na mtu hupunguza sauti yake anapoingia kama anavyofanya anapobisha hodi kwa jirani.

Sasa tazama baraza la nyumba ya Kiswahili, au kijiwe cha kahawa cha Kariakoo au Magomeni. Mpita njia hukaa bila kualikwa, mwenyeji halazimiki kumlisha, na anayetaka kuondoka huaga na kuondoka bila kuulizwa sababu. Kwa bei ya kikombe kimoja cha kahawa na kipande cha kashata, mtu hupata haki ya kusikiliza mjadala wote wa siku, kuanzia usajili wa Simba hadi bei ya mafuta, na akitaka naye hutia neno lake. Pabu inayopendwa na watu wa mtaa wake inafanya kazi hiyo hiyo, tofauti ikiwa kinywaji na paa. Kwa sababu hiyo nasema kwamba mfanyabiashara wa Dar es Salaam ana msingi tayari. Kilichotokea ni kwamba tulipojenga baa tuliiga ukumbi wa dansi, tukaliacha baraza nje.

Waingereza wenyewe wanaziona nyumba hizi zikipotea. Mwaka 2000 nchi ile ilikuwa na pabu zipatazo 60,000, na sasa zimeshuka chini ya 50,000, kwa sababu ya kodi, bei za nyumba, bia ya bei nafuu katika maduka makubwa na watu kuamua kubaki nyumbani. Wapo waliopigana ili zisifungwe. Sheria ya mwaka 2011 iliwapa wakazi wa England njia ya kuorodhesha jengo kuwa rasilimali ya jamii na kupata muda wa kuchangishana walinunue kabla halijauzwa kwa mwingine, na mwaka 2013 wakazi wa Nunhead, kusini mwa London, waliinunua pabu yao iitwayo Ivy House kwa njia hiyo, zaidi ya watu 300 wakichukua hisa. Watu hawachangishani namna hiyo kwa ajili ya bia, ambayo wangeipata dukani kwa bei ndogo zaidi.

Kaunta ndiyo moyo wa kazi

Ukiwa na fedha za kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha kaunta. Katika pabu ya kawaida hakuna mhudumu anayekuja mezani kuchukua oda. Kila mtu, awe mwalimu, fundi bomba au hakimu, huinuka, husimama kaunta, huagiza, hulipa papo hapo na kubeba glasi zake mwenyewe. Utaratibu huo unaonekana kuwa usumbufu mpaka uelewe unachofanya. Unamlazimu kila aliyemo ndani kusimama, angalau mara moja kwa jioni, bega kwa bega na mtu asiyemjua, bila kuwa na jambo la kufanya ila kusubiri. Maneno ya kwanza huzaliwa hapo. Hakuna foleni inayoonekana, lakini foleni ipo, kwani anayehudumia huweka akilini nani alitangulia, na mteja mstaarabu akiulizwa kabla ya zamu yake humwonyesha aliyemtangulia.

Kaunta zetu nyingi zimezungushiwa nondo au wavu wa chuma, na mteja hupitisha fedha katika tundu kama anayenunua umeme. Naijua sababu. Mwenye baa ameibiwa, au jirani yake ameibiwa, na hasara ya usiku mmoja inaweza kula faida ya mwezi. Hata hivyo nondo zinamweka mwenyeji upande mmoja na wageni upande mwingine, na hakuna atakayekaa kuzungumza mbele ya kizuizi. Ziondoe kwa utaratibu ufuatao. Hamishia mzigo kwenye stoo yenye mlango wa chuma nyuma ya kaunta, ukibakiza mbele vinywaji vya jioni moja tu katika majokofu yanayofungwa kwa kufuli. Weka droo ya fedha chini ya ubao wa juu, mahali ambapo mkono wa upande wa pili haufiki, na uitoe fedha kila baada ya saa mbili. Himiza malipo kwa simu, kwa kuwa fedha isiyokuwepo haiibiwi. Nondo zibaki madirishani na stoo.

Mwagize seremala ubao wa mninga au mkongo, wenye upana wa kutosha kuweka sahani na glasi bila kugusana na vya jirani, na urefu wa kwenda juu wa takriban sentimita 110, ili anayesimama aegemeze viwiko na anayekaa kwenye kiti kirefu awe karibu usawa wa macho na aliyesimama. Weka bomba la chuma la kukanyagia chini, kwa sababu mtu asiyekuwa na pa kuweka mguu huchoka upesi na kuondoka. Viti virefu visizidi nusu ya urefu wa kaunta. Nusu nyingine iachwe wazi kwa wanaokuja kuagiza, la sivyo watu wachache watageuka ukuta. Ikiwezekana, kaunta ipinde kona moja. Watu wanaokaa kwenye kona hutazamana, ilhali wanaokaa kwenye mstari ulionyooka hutazama chupa.

Sikushauri kufuta huduma ya mezani. Wateja wetu wameizoea, na wahudumu wanaishi kwa kazi hiyo. Lakini mgeni aliyekuja peke yake aelekezwe kaunta kwa heshima, "Karibu hapa, kaka," au "Karibu kiti, mama," badala ya kupelekwa kwenye meza tupu katikati ya ukumbi. Anayekaa kaunta alipe kila anapopokea. Utaratibu wa kuacha chupa tupu mezani ili zihesabiwe mwishoni huzaa ugomvi mwingi, na mtu anayetaka kuondoka baada ya kinywaji kimoja asizuiwe na hesabu.

Sauti, ambayo ndiyo inayofukuza wengi

Pabu ya kizamani haina muziki kabisa, au ina muziki wa chini kiasi kwamba mtu anaweza kuusahau. Zulia, mapazia mazito, viti vya kitambaa na kuta za mbao hunywa sauti, hivyo hata chumba kikijaa, meza mbili husikika kama mvumo bila kuingiliana. Sisi tuna sakafu ya vigae, kuta za saruji na paa la bati, na kila kitu katika hivyo hurudisha sauti. Mwenye baa akiona watu wanapaza sauti huongeza muziki, nao huzidi kupaza sauti, na ifikapo saa tatu usiku hakuna anayezungumza tena.

Dawa ya kwanza inapatikana hapa hapa pwani, nayo ni makuti. Paa la makuti hunyonya sauti, hupunguza joto na halipigi ngoma mvua inaponyesha. Asiyeweza kuezeka upya aweke dari ya makuti au ya mikeka chini ya bati, akizingatia tahadhari ya moto na kuweka jiko mbali. Mapazia ya kitenge kizito kwenye ukuta mmoja na mikeka nyuma ya mabenchi husaidia kuliko mtu anavyodhani. Dawa ya pili ni kugawa sauti. Badala ya spika mbili kubwa mlangoni, weka spika ndogo nne au tano zilizoelekezwa chini, kila moja ikisikika na meza zilizo karibu nayo pekee. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: watu wawili waliokaa pande mbili za meza moja wasikilizane bila kusogeza vichwa. Wasiposikilizana, punguza, na mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kugusa kitufe hicho.

Runinga iwe moja, iwekwe pembeni, na sauti yake ifunguliwe wakati wa mechi tu. Siku ya mechi ya Simba na Yanga utaratibu huu hauwezi kushika, na wala usijaribu. Siku nyingine zote ushike.

Kuna pia majirani, ambao kwangu ndio kipimo cha kama baa ni ya mtaa au imevamia mtaa. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limekuwa likizichukulia hatua baa zinazopiga kelele katika makazi, na kanuni za viwango vya kelele zipo tangu mwaka 2015. Usisubiri kufika huko. Kabla ya kufungua, pita nyumba kumi zinazokuzunguka pamoja na mjumbe wa mtaa, jitambulishe, acha namba yako ya simu, na uwaombe wakupigie wewe kwanza. Fahamu saa za sala za msikiti na za kanisa lililo karibu, na uzime muziki wakati huo bila kuombwa. Jirani asiyekunywa kabisa akikutetea mbele ya serikali ya mtaa, umeshinda jambo ambalo leseni haiwezi kukupa.

Pembe, mwanga, choo na ubao wa jina

Pabu za zamani ziligawanywa. Kulikuwa na chumba cha wafanyakazi chenye mabenchi ya mbao na bei ya chini kidogo, kulikuwa na chumba cha viti laini, na mara nyingine kijichumba kidogo chenye kidirisha chake cha kaunta, ambamo wanawake na watu wasiotaka kuonekana walikunywa kwa faragha. Kutenga watu kwa tabaka hatukuhitaji, na huko kwenyewe kuta nyingi zimebomolewa. Lakini akili ya kuvunja ukumbi kuwa sehemu ndogo ndogo ni nzuri sana. Ukuta wa mbao wa urefu wa kifua, benchi lenye mgongo mrefu, au mstari wa mimea katika vyungu hutosha kutengeneza pembe tatu au nne, kila moja ikichukua watu sita. Moja iwe na mwanga mzuri na mbali na runinga, na utaona wanawake wanaotoka kazini wakiichagua wenyewe, kwa kuwa hawatazamwi kutoka kila upande. Mwanga wenyewe uwe wa manjano na wa chini. Taa nyeupe za kuangaza kiwanja na taa za rangi zinazowaka na kuzima zote hazikalishi mtu. Kama una mwembe au mkungu uani, usiukate kwa sababu yoyote, weka mabenchi chini yake.

Choo kiwe safi, kiwe na maji, kitasa, taa na sabuni, na kioshwe kila saa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Sina zaidi la kusema juu ya choo, ila kwamba baa isiyotimiza sharti hili isijisumbue na mengine yote.

Kuhusu jina, Waingereza wana desturi ya ubao wenye picha unaoning'inia nje. Mwaka 1393 Mfalme Richard wa Pili aliwaamuru wenye nyumba za pombe watundike alama, na kwa kuwa watu wengi hawakujua kusoma, picha ndiyo iliyokuwa jina. Pabu nyingi huitwa Royal Oak kwa kumbukumbu ya mti aliojificha Mfalme Charles wa Pili baada ya kushindwa vitani Worcester mwaka 1651. Nawe usiite baa yako jina la mji wa Ulaya. Iite kwa kitu ambacho mtaa unakijua, kama mti ulioko hapo, kisima cha zamani, au kituo cha basi kilichohamishwa, na umpe mchoraji wa Tingatinga kazi ya kuchora ubao. Mtu akimwelekeza mwenzake kwa simu, jina hilo litakuwa limeshajulikana.

Mwenyeji na wahudumu

Mwenye pabu mzuri yupo kaunta. Si lazima kila usiku, lakini mara nyingi kiasi kwamba wateja wanamtarajia. Anajua majina, anajua nani amefiwa, nani amepata mjukuu, na nani asikalishwe karibu na nani. Hapa kwetu wenye baa wengi huja saa tano usiku kuhesabu fedha, na wateja huwajua kwa gari tu. Kama shughuli zako hazikuruhusu kukaa, ajiri msimamizi mwenye umri na busara, umpe sehemu ya faida ili akae miaka, kwa sababu uso unaobadilika kila baada ya miezi miwili hauwezi kujenga mazoea.

Wahudumu wa kike wanatendewa vibaya katika baa nyingi za jiji hili, nami naliandika hili kwa uchungu. Wanalipwa kidogo au hawalipwi, wanategemea bakshishi, wanakatwa fedha za chupa zilizovunjwa na wateja, na wanatarajiwa kuvumilia mikono ya walevi kama sehemu ya kazi. Mlipe mhudumu mshahara kwa mkataba, mtafutie usafiri wa kurudi nyumbani usiku, na umpe ruhusa ya wazi ya kumnyima huduma yeyote anayemgusa, awe mteja mkubwa kiasi gani. Aliyefukuzwa kwa kosa hilo mbele ya watu atasemwa mtaa mzima, na wanawake watajua mahali pa kwenda. Wafundishe wahudumu wote kusalimu kwanza kabla ya kuuliza oda. Mzee apewe shikamoo yake, vijana waulizwe habari za kazi, na atakayekuja mara ya tatu aitwe kwa jina au kwa jina la mwanawe.

Raundi na ofa

Kati ya desturi zote za pabu, hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa. Watu wanne wakikaa pamoja, mmoja hununulia wote, kisha wa pili, wa tatu na wa nne, na mwisho wa jioni kila mmoja ametoa sawa na mwenzake. Hakuna anayeandika, lakini kila mmoja anakumbuka, na anayeondoka kabla ya zamu yake bila kueleza husemwa kwa muda mrefu. Desturi hiyo ina nguvu kiasi kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1915, serikali iliyotaka kupunguza ulevi ilipiga marufuku mtu kumnunulia mwenzake kinywaji.

Sisi tuna ofa. Mtu mwenye nazo huingia na kusema, "Meza ile wape wote ninachowapa hapa," na wapokeaji hunyanyua chupa kumshukuru. Ofa ina uzuri wake, kwa kuwa ukarimu ni jambo jema na anayetoa hutoa kwa furaha. Tatizo lake ni kwamba huwagawa watu kuwa mtoaji na wapokeaji, na mwenye kipato kidogo huanza kukwepa baa ile siku ambazo mtoaji hayupo, au huendelea kuja na kuwa mtu wa kusubiri. Katika raundi, fundi viatu na meneja wa benki hukutana wakiwa sawa, mradi kinywaji kiwe cha bei ambayo wote wanaweza kuilipia.

Huwezi kuwaamuru wateja waache ofa, lakini unaweza kuirahisisha raundi. Weka vinywaji vya bei zinazokaribiana, ili zamu ya mmoja isiwe nzito kuliko ya mwingine. Weka ukubwa mdogo. Painti ya Uingereza ni mililita 568, lakini pabu lazima pia iweze kuuza nusu yake, na mtu anayekunywa nusu nusu hubaki katika mzunguko bila kulewa. Chupa yetu ya kawaida ni mililita 500, hivyo uwe na chupa na makopo madogo kwa wanaoyataka, na glasi safi kwa wanaogawana. Zaidi ya yote, kinywaji kisicho na kilevi kihesabiwe kuwa zamu kamili. Weka juisi ya ukwaju, chai ya tangawizi, kahawa chungu ya kwenye birika la shaba, na uviandike kwenye ubao uleule wa bei, juu, bila kuvificha chini kama vitu vya watoto. Nusu ya mtaa wako huenda hainywi pombe kwa sababu ya dini au ya afya, na baraza haliwezi kuitwa baraza kama nusu ya mtaa haina kikombe cha kushika.

Bia ya pabu yenyewe iache huko iliko. Bia yao ya jadi humalizia kuchachuka ndani ya pipa, hutunzwa katika chumba cha chini ya ardhi chenye nyuzi joto 11 hadi 13, huvutwa kwa bomba la mkono na huharibika ndani ya siku chache baada ya pipa kufunguliwa. Katika joto la Dar es Salaam, na umeme unaokatika, gharama yake haina maana. Kinachoweza kuigwa ni uangalifu: glasi isiyonuka sabuni, jokofu lisilojazwa kupita kiasi, na mhudumu anayekumbuka nani anataka ya moto na nani ya baridi.

Chakula na michezo ya kumkalisha mtu

Pabu huwa na kitu cha kutafuna chenye bei ndogo, na Jumapili mchana huwa na mlo mmoja mkubwa wa nyama ya kuoka na viazi, ambao familia nzima huja kuula. Wewe weka karanga, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chumvi, na mishkaki inayouzwa kijiti kimoja kimoja, ili mtu asilazimike kuagiza kilo ya nyama choma ndipo ale. Jumapili kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi jioni pika pilau sufuria moja, ikiisha imeisha, na muziki uzimwe kabisa. Pombe isiuzwe kwa aliye chini ya miaka 18, na saa za leseni yako ziamue watoto wawepo hadi lini.

Kwa michezo, drafti na bao viwepo daima, kwenye meza iliyo karibu na kaunta ili watazamaji wasimame nyuma na kushauri. Mchezo wa kurusha vishale ubaoni pia unafaa, kwa kuwa hauhitaji nafasi kubwa: kitovu cha ubao kiwe mita 1.73 kutoka sakafuni, na mstari wa kusimama uwe mita 2.37 kutoka uso wa ubao, mahali ambapo hakuna anayepita.

Lakini ninachokipendekeza kwa moyo wote ni usiku wa chemsha bongo. Uchague Jumanne au Jumatano, siku ambazo baa huwa tupu. Timu ziwe za watu wanne hadi sita, kila timu ichangie kiasi kidogo, na simu zote ziwekwe katikati ya meza zikiwa zimefunikwa kifudifudi. Uandae maswali 40 kwa mafungu manne: jiografia na historia ya Tanzania, michezo, methali na vitendawili, na muziki, ambapo unapiga sekunde kumi za wimbo wa dansi wa zamani na timu zinaandika jina la bendi. Majibu yaandikwe kwenye karatasi na timu zibadilishane kusahihisha. Swali bora ni lile ambalo mzee mmoja mezani analijua na vijana hawalijui, na linalofuata liwe kinyume chake, ili timu yenye watu wa rika moja isiweze kushinda. Anayekuja peke yake apangwe katika timu yenye upungufu. Zawadi iwe fedha za mchango, au kuku mzima wa kuchoma. Nimeona timu iliyoundwa kwa njia hiyo, ya watu ambao hawakuwahi kusalimiana, ikienda pamoja kwenye msiba wa mmoja wao miezi minne baadaye.

Kufunga

Pabu za Uingereza zilibanwa saa zake wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wawahi kazini, na katika England masharti hayo yaliendelea kwa namna moja au nyingine mpaka sheria mpya ilipoanza kutumika Novemba 2005. Kwa miongo mingi mwisho ulikuwa saa tano usiku, na ili watu wasishtukizwe, kengele iligongwa mara ya kwanza kuwatangazia oda za mwisho, kisha mara ya pili kuwaambia kaunta imefungwa na wamebakiwa na dakika chache za kumaliza kilichomo kwenye glasi.

Nunua kengele ya shaba uitundike juu ya kaunta. Soma leseni yako uone saa inayokubana, kisha ugonge mara ya kwanza dakika 40 kabla ya saa hiyo na mara ya pili dakika 20 kabla. Kuanzia kengele ya pili usiuze chochote kwa mtu yeyote, hata kama ni rafiki yako wa tangu shule. Ongeza taa kidogo kidogo, zima runinga, na wahudumu waanze kukusanya glasi kwenye meza zilizokwisha kuachwa, wakianzia mbali na mlango. Ukutani karibu na kengele bandika majina na namba za madereva watano wa bodaboda na bajaji wa kituo chako, watu unaowafahamu kwa sura na ambao hawanywi wakiwa kazini, kwa ridhaa yao. Mwenye gari aliyezidiwa aache ufunguo kaunta, uandikwe jina, uwekwe kwenye droo, na asubuhi aukute mahali pale pale pamoja na supu.